Vinundu Vilivyotupwa Jalalani

"Nakata!"

"Hukati!"

"Nakata leo hii hii! Jalala langu, panga langu, mkono wangu!"

Mama Makaa, muuza mkaa wa nyumba ya pili, alikuwa ameshika panga. Upande huu wa uzio wa mabati, fundi cherehani alikuwa amesimama juu ya ndoo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Walikuwa wanagombania mmea mrefu kumpita mtu, wenye majani mapana na maua madogo ya manjano. Ulikuwa umeota kwenye jalala la Mama Makaa, na ulimzibia kamba ya kuanikia magunia.

"Hiyo ni yakoni ya mama yangu," fundi alisema. "Naijua kwa maua yake."

"Ya mama yako imefikaje kwangu? Imeruka uzio kwa miguu yake?"

Fundi aliivuta futi yake shingoni.

"Si ulinitupia takataka, mwanangu? Wiki ile ya msiba. Nilikuona. Nikasema, mfiwa huyo, mwache."

"Usiseme habari za msiba. Hata ndani hukuingia. Uliishia mlangoni."

Panga lilishuka kidogo. Mama Makaa na marehemu, mama yake fundi, hawakusalimiana miaka minne, kwa sababu ya maji ya kufulia yaliyotiririka upande usio wake. Mtaa mzima uliijua habari hiyo, na kila mtu alikuwa na lake la kuongeza.

Nyuma ya fundi, baba yake alikuwa amechuchumaa kwenye tuta tupu. Kila asubuhi alibonyeza udongo kwa kidole, akauliza, "Yake bado haijaota?" Kisha aliingia ndani, akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Katika miezi minane tangu msiba, fundi alikuwa amempunguzia suruali kiunoni mara tatu.

Marehemu alipanda yakoni, viazi vya majimaji vyenye utamu vinavyoliwa vibichi, kila mwaka. Alipanda peke yake. Wengine walijua kula tu. Jioni alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jiko, akamenya, akampa mumewe kipande kimoja kimoja. Kigoda kilikuwa bado palepale. Hakuna aliyekikalia.

Mama yake alipokufa, fundi alichimba yakoni zote. Akachagua viazi vinono kuliko vyote, akavifanya mbegu. Vikaoza. Akapanda vilivyobaki. Navyo vikaoza.

"Hodi!" Bwana shamba aliingia uani. "Nimefuata suruali yangu, nakuta vita."

Alichungulia juu ya uzio, akautazama ule mmea. Kisha akalitazama tuta.

"Fundi, pale ulipanda nini?"

"Viazi vyake. Vile vikubwa."

"Na vile vidogo vyekundu, vilivyojikunyata kwenye shina?"

"Vile vyenye manundu? Nilidhani ni ugonjwa. Nilivitupa..." Alilitazama jalala. Akashuka kwenye ndoo polepole.

"Kwangu," Mama Makaa alimalizia. "Asante kwa zawadi."

"Hukujua, dada," bwana shamba alisema. "Wengi hukosea hapo. Viazi vikubwa vya yakoni ni chakula. Havina macho, havioti hata uvibembeleze. Mbegu ni hivyo vinundu vya shinani. Mama, ukiukata sasa, viazi havitakomaa. Subiri majani yakauke."

"Na magunia yangu nianike wapi? Kichwani?"

Mzee alikuwa amesimama, ameshika uzio kwa mikono miwili.

"Ni ya kwake?" aliuliza. "Ipo hai?"

Mama Makaa alimtazama yule mzee, kola ikimpwaya shingoni. Akaliegemeza panga ukutani. Kesho yake alihamisha kamba.

Majani yalipokauka, bwana shamba alirudi. Walichimba taratibu kwa uma wa bustani, maana viazi vya yakoni huvunjika upesi. Vikubwa walivianika juani siku chache vizidi utamu. Vinundu walivikata vipande, kila kipande na macho mawili au matatu, wakaviacha kivulini siku moja kidonda kikauke.

"Ambavyo hupandi leo, vifukie kwenye mchanga wenye unyevu kidogo," alisema bwana shamba. "Vikinyauka, basi tena."

Walitifua tuta, wakachanganya samadi iliyooza vizuri. Walifukia kila kipande kwa kina cha kiganja, hatua moja ndefu kutoka kwa mwenzake. Wakamwagilia, lakini hawakuacha maji yatuame.

"Nasikia yakoni inaponya kisukari," Mama Makaa alisema, akipangusa mikono kwenye kanga.

"Ni chakula, mama, si dawa. Mwenye dawa zake aendelee kumeza. Na usile nyingi siku ya kwanza, utalala chooni."

"Mimi? Tumbo langu limezoea vumbi la mkaa!"

Wiki zikapita. Mzee aliendelea kubonyeza udongo, na udongo uliendelea kunyamaza. Fundi aliacha kumtazama, maana ilimuuma. Mchana mmoja alisikia anaitwa. Baba yake alikuwa amepiga magoti kando ya tuta. Machipukizi matatu yalikuwa yametokeza, mekundu kama vidole vya mtoto mchanga.

"Zake zimeota," mzee alisema. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mama Makaa alisikia kilio. Alikuja mbio na yakoni iliyomenywa kwenye bakuli, akakwama mlangoni, palepale aliposimama siku ya msiba.

"Nimewaletea hii, basi," alisema. "Naondoka."

Fundi alikuwa amemwingiza baba yake ndani, na maharage yalikuwa yamepakuliwa. Mzee alipokea bakuli, akatia kipande mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu. Akachukua kingine. Kisha akainama, akakivuta kigoda cha marehemu, akakisogeza karibu na sahani.

"Umesimama mlangoni vya kutosha," alimwambia. "Ingia. Tunakula."