Huyo Si Kenge

Jumamosi asubuhi Tumpe alikuwa jikoni kwake katika mji wa New Hope, akisukuma chapati. Nje theluji ya Aprili ilikuwa bado haijaisha. Mumewe Protas na binti yao Tulia walikuwa Arizona, nchi ya jangwa, kwa wifi yake Irene. Tumpe alibaki kwa sababu ya zamu hospitalini. Jirani yake Khalfan, aliyesomea chuo huko Arizona, alikuwa mezani akinywa chai.

Simu ikalia. Tumpe akabonyeza kitufe cha spika kwa kiwiko, maana mikono ilijaa unga.

"Mama Tulia!" Protas alipaza sauti. "Kuna kenge uani! Mzuri ajabu! Namshika mkia, Tulia apige picha."

"Umeshaanza, Protas."

"Nimewakamata wangapi utotoni Kilosa? Hana neno huyu!"

Khalfan aliweka kikombe chini. "Kaka, subiri! Ngozi yake ikoje?"

"Ina vinundu kama shanga. Nyeusi, mabaka ya rangi ya chungwa."

"Mkia?"

"Mfupi, mnene. Kama soseji!"

"Anakimbia?"

"Wapi! Anajikokota tu."

"Usimguse!" Khalfan alisimama. "Kenge ana mkia mrefu, na anakimbia. Huyo anaitwa gila. Ana sumu, na akiuma haachii!"

"Protas!" Tumpe alifoka. "Mkono wako uko wapi?"

"Uko... karibu naye."

"Utoe! Sina muda wa kuuguza mtu mzima aliyechezea mjusi!"

Ikasikika mikikimikiki, kisha mlango. "Tuko ndani," Protas alisema, akihema. "Tunamwona dirishani. Anaingia chini ya mawe."

"Mwacheni aende zake," Khalfan alisema. "Na msitie mkono mahali msipopaona."

"Mfundishe na wanyama wengine wa huko," Tumpe alisema, "kabla huyu bwana hajamkumbatia nyoka."

Khalfan akacheka. "Yupo nyoka mwenye njuga mkiani. Mkizisikia, simameni, muone yuko wapi, kisha mrudi nyuma taratibu. Havelina ni kama ngiri mdogo mwenye ukanda mweupe shingoni. Mpisheni. Koyote ni kama mbwa mwembamba, ila akikimbia mkia huwa chini. Msimpe chakula."

Jioni simu ikalia tena. Tulia, ambaye kila siku humjibu mama yake kwa Kiingereza, alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili.

"Mama! Mnyama amepita! Baba amesema mbwa, akataka kumpigia mluzi. Nikamwambia, angalia mkia! Uko chini! Koyote!"

"Enhe! Baba akafanyaje?"

"Ameingia ndani kabla yangu!"