Saa Kumi ya Buyenzi

Gharib alimdaka Hasna mkono katikati ya soko la Mwanga kabla hajamtazama hata usoni. Jamani, kijana wa Ujiji mwenye adabu zake!

"Wee kaka, niachie! Mkono wangu umekuwa nyanya?"

"Samahani dada. Nimeona saa."

Ilikuwa Omega ya dhahabu, ya kutia ufunguo, inapwaya kwenye mkono mwembamba. Miaka yote ya kuuza vitenge, faida ya Gharib iliishia kwenye saa za Uswisi. Alikuwa nazo kabati zima, anazitia ufunguo kila akitoka swala ya alfajiri. Majirani walisema ameshaoa saa.

"Ya marehemu baba," alisema Hasna, akivuta mtandio wake wa kijani. "Nimekimbia nayo vita, kutoka Buyenzi, Bujumbura. Haiuzwi."

"Nani ananunua? Nakukaribisha chai tu. Kesho saa kumi, mgahawa wa pale mwaloni, kando ya ziwa, Ujiji."

Hasna akacheka, na wallahi Gharib akasahau saa.

Kesho yake Gharib alikaa na kanzu iliyopigwa pasi, chai ikapoa, akaondoka amenuna. Hasna akafika ananukia udi, akakuta kiti kitupu. Alirudi kwa shangazi yake, mtaa wa Buzebazeba, analia. Kumbe mwanamume alitaka saa, si yeye; kusikia haiuzwi, akamtupa!

Asubuhi Gharib akapiga simu duka la jirani wa shangazi, namba aliyopewa na Hasna sokoni, Hasna akaitwa.

"Mrembo, mbona ulinitupa?"

"Mimi? Saa kumi kamili nilikuwepo, mwongo wee!"

"Hebu tazama saa yako."

"Saa tatu."

"Yangu saa nne. Hasna, hiyo bado inakwenda kwa saa za Burundi, nyuma yetu kwa saa moja!"

Hasna akaifunika saa kwa kiganja. Akasema: "Baba ndiye aliyeitega. Nikiigusa, nitaona nimemzika tena."

Jioni Gharib alipiga hodi Buzebazeba, saa kila mkono. Hasna akavua Omega, akamnyooshea.

"Chukua uende zako. Si ndiyo uliyoifuata?"

Gharib akamvalisha tena. "Usiiguse, mpenzi. Nimerudisha nyuma hii yangu ya kulia, iende na ya baba. Nataka kukuoa wewe."

Hasna akajifunika uso kwa mtandio, anacheka na kulia. Shangazi akapaza sauti toka jikoni: "Posa huletwa na wazee, kijana!"

"Wanakuja kesho saa kumi, Shangazi."

"Saa kumi ya wapi?"

Gharib akatazama mkono wa kulia. "Ya Buyenzi."