Mwandiko wa Mkaa kwa Mustapha

"Mwanaume gani huyu anakuandikia ukutani?"

Erick aliniuliza hivyo saa nne asubuhi, mbele ya wanawake zaidi ya kumi, kwenye mashine ya kusaga ya Mustapha pale Chang'ombe. Ndoo yangu ya uwele ilikuwa bado kwenye foleni. Pete yake ilikuwa kidoleni mwangu, na harusi ilibaki mwezi mmoja.

"Simjui," nikasema. Na kweli nilikuwa simjui.

"Humjui? Hapo juu ni wewe umeandika, Loisi. Mwandiko wako naujua. Haya, soma alichokujibu, wote wasikie!"

Jamani, kwa Mustapha kuna kipande cha mkaa kimefungwa kamba mlangoni. Kila mtu huandika jina kwenye mfuniko wa ndoo yake, unga usije ukachanganywa. Siku moja foleni ilikuwa ndefu na moyo ulikuwa umenijaa. Nikauchukua ule mkaa nikaandika ukutani, bila jina:

*Niliacha shule kidato cha pili. Nina miaka 26. Nataka kurudi, naogopa.*

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Erick nilishamwambia, akacheka. Lakini niliporudi wiki iliyofuata nikakuta jibu: *Rudi. Hata mimi niliogopa, na ninajuta mpaka leo.* Basi ukawa ukuta wa watu. Mmoja aliandika kaachwa na mume ameanza kuuza maandazi, chini yake wengine wakaandika hongera. Mimi kila nilipoandika, yule mtu wangu hakukosa kunijibu.

"Nimesema soma!"

Nikasoma kwa hasira. "*Ijumaa ndiyo mwisho wa kujiandikisha mtihani. Nakuwaza kila nikija hapa.*"

"Nakuwaza!" Erick akapiga makofi. "Mmesikia? Mchumba wangu anawazwa!"

Akamrukia Mustapha, akamkunja shati. Unga ukatimka.

"Ni wewe, si ndiyo?"

"Kaka, niachie! Mimi nasaga, siandiki. Huo mkaa ni wa ndoo!"

"Erick, muache! Una wazimu?" nikapiga kelele.

"Wewe nyamaza! Na hiyo shule isahau. Cheti chako cha darasa la saba si kilipotea? Utajiandikisha na nini?"

Hapo alinichoma. Cheti nilimpa yeye mwenyewe akakitoe kopi stationery. Akarudi anasema kimedondoka kwenye bodaboda. Nililia siku tatu, na yeye ndiye alinifuta machozi.

Kumbe alikuja amejiandaa. Akachukua ndoo ya chokaa na brashi kwenye pikipiki yake, akaanza kuupaka ule ukuta.

"We bwana, ukuta wangu huo!" Mustapha akalalamika.

"Nitakulipa! Sitaki kuona upuuzi huu."

Wanawake wakamzomea. Hakusikia. Maneno yetu yote yakapotea, hata ya yule mama wa maandazi. Nilitamani kumng'ata.

Ndipo akatokea mama yake, Mama Penina, ndoo kichwani. Mama huyu ni mpole mpaka inauma. Nyumbani kwao sauti yake huisikii zaidi ya salamu.

"Mbukwa, wanangu," akatusalimia kwa Kigogo chake.

"Shikamoo mama."

"Mama, rudi nyumbani," Erick akafoka. "Haya hayakuhusu."

Mama alitua ndoo taratibu, akavuta ule mkaa, akasogea ukutani. Akaandika juu ya chokaa mbichi, herufi kubwa zilizolala upande, zile zile zilizokuwa zikinijibu:

*LOISI, RUDI SHULE.*

Mashine ilikuwa imezimwa.

"Mama... ni wewe?" Erick akauliza.

"Ni mimi."

"Mbona sikuujua mwandiko wako?"

"Ungeujulia wapi, Erick? Uko kwenye mfuniko wa ndoo hii miaka yote. Umewahi kunibebea hata siku moja?"

Mama akafunua ndoo, akaingiza mkono kwenye uwele, akachomoa mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na cheti changu.

"Mwanangu Loisi, mwandiko wako niliujua tangu siku ya kwanza; cheti nimekikuta chini ya godoro lake asubuhi hii nikitandika. Nimekileta nikutafute."

Nikakipokea. Kisha nikamgeukia Erick.

"Ulisema kilidondoka kwenye bodaboda!"

"Loisi, nisikilize... Ukisoma utaniacha. Nilikuwa nakupenda."

"Unanipenda, huku unanilaza na machozi siku tatu? Shika pete yako."

"Usinifanyie hivi mbele za watu!"

"Si wewe uliyewakusanya? Mama atabaki mama yangu. Wewe tumemalizana."

Nikaibeba ndoo ya Mama Penina mpaka kwenye mizani. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mustapha akatusagia kwanza sisi.

Ijumaa nilijiandikisha. Nikatoka, Mama Penina ananisubiri nje na soda mbili, mara simu ikalia mlio wa meseji:

*Loisi, nina mengi moyoni. Naomba nafasi ya kuyasema. Erick.*

Nikamwonyesha mama. Akaisoma mara mbili, akanywa soda yake.

"Mjibu," akasema.

Nikamjibu:

*Kaandike ukutani.*