Kioo Kisicho na Mkwaruzo

Mzee Mikami wa nyumba ya chini alishikilia kwamba Shunpei alivua miwani ya kinga mwenyewe. Aliyasema hayo akiwa mlangoni kwa Chizuru, kofia mkononi, suruali bado ina matope ya msitu wa Inzai. Kwa maelezo yake, ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, raundi ya kwanza. Yeye mzee gololi ya plastiki ilimpata mapema, akainua mkono na kujitaja kuwa amepigwa, kama ilivyo desturi ya mchezo wa bunduki za gololi, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi. Ndipo akamwona Seno, fundi wa bunduki hizo, akitoka vichakani mbio, kambeba Shunpei mgongoni, damu inamchuruzika kijana jicho la kushoto. Bunduki ya Seno ilikuwa inaning'inia ubavuni, na ile magazini yake nene ya duara, kasha la kujazia gololi, inamgonga paja kila hatua.

"Seno anasema miwani iliingia ukungu, ndugu yako akaivua aipanguse, gololi ikamkuta," alimalizia mzee. "Nasema kwa uchungu, mwanangu, lakini kosa ni lake. Msituni miwani haivuliwi hata ukiumwa na nyigu."

Chizuru alimshukuru, akafunga mlango taratibu. Alikwenda jikoni akasimama mbele ya sinki. Jumamosi jioni aliiosha miwani ile hapo hapo kwa sabuni ya vyombo, kama alivyofanya kila wiki, ili isishike ukungu. Miwani ilimteleza kwa sabuni, ikagonga bomba, kioo kikapata mkwaruzo pembeni. Shunpei alicheka akasema alama hiyo ni ya bahati.

Hospitalini, Shunpei alikuwa amelala kageukia ukuta. Polisi walishakuja wakaandika ajali ya uzembe, wakaondoka. Wenzake wa timu walishamfuta jina. Hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mwingine, kisha akauliza alichokuwa akiuliza tangu jana.

"Dada, niliivua?"

"Wewe unakumbuka nini?"

"Mlio tu. Kama nyuki ndani ya kopo. Halafu maumivu."

Mlio huo Shunpei aliujua vizuri, maana alikuwa anajifunza kazi dukani kwa Seno. Ni mota ndogo iliyo ndani ya magazini ya duara, inayozungusha gololi na kuzisukuma juu zisikwame. Pale uwanjani mwenye magazini ya aina hiyo ni Onodera peke yake, alisema. Ile ya kaka Seno ilikuwa bado mezani dukani, haijakamilika. Seno mwenyewe alimwambia hivyo asubuhi ya Jumapili.

"Lakini ina maana gani?" Shunpei alisema. "Kama niliivua, nimejitakia. Sitashika tena bunduki, wala sitarudi dukani. Nitamwangaliaje kaka Seno usoni, alinifundisha kila kitu?"

Uji wa asubuhi ulikuwa umeganda kwenye bakuli, haujaguswa.

Daktari alimpa Chizuru kichupa chenye vitu viwili vilivyotolewa jichoni: gololi nyeupe, na kipande chembamba kama kucha. Daktari alidhani ni ganda la gololi. Lakini gololi ilikuwa nzima, nyeupe kama maziwa, na kile kipande kilikuwa kinapitisha mwanga kama maji. Muuguzi akamletea miwani kwenye mfuko. Chizuru aliipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Kioo kilikuwa safi kote. Pembeni hapakuwa na mkwaruzo.

Basi miwani hii ilikuwa imebadilishwa kioo, na kile kipande kilitoka kwenye kioo cha zamani.

Jumatano alfajiri alimkuta Onodera kwenye soko la mboga akipakia makabichi kwenye gari. Mtu huyo aligombana na Shunpei wiki mbili nyuma, mbele ya watu, Shunpei akidai amempiga, naye akikataa kujitaja.

"Aliniita maiti inayotembea, mtu aliyepigwa asiyetoka," alisema Onodera bila kuacha kupakia. "Watu wakacheka hadi wakamwaga mchuzi wa kari. Lakini jicho la mtu sikulitaka, dada."

Chizuru aliomba kuiona magazini yake ya duara. Onodera alinung'unika, akaitoa nyuma ya kiti, akasukuma kigurudumu chake kwa kidole gumba. Ililia krr, krr, kama kinu cha pilipili. Mota hakuwa nayo. Aliitoa mwaka jana, alisema, kwa sababu ilikuwa inamchongea alipojificha.

Chizuru alikuwa ameshageuka kuondoka alipoitwa.

"Siku ile alinipiga kweli. Mwambie," Onodera alisema, macho kwenye makabichi. "Nilisikia gololi mgongoni, nikanyamaza."

Njiani kurudi ndipo maneno ya mzee Mikami yalipomrudia, lile la magazini nene ya duara kumgonga Seno paja kila hatua. Akakaa kwenye ngazi za kituo cha treni. Seno ndiye aliyelia zaidi yao wote pale hospitali.

Jioni alimkuta dukani peke yake, springi zimepangwa juu ya kitambaa, magazini ya duara mbele yake. Seno alimkaribisha chai, akamwita mdogo wangu. Chizuru hakukaa. Aliweka miwani mezani, na kichupa kando yake.

"Kioo hiki ni cha nani, kaka Seno?"

"Cha Shunpei."

"Cha Shunpei nilikikwaruza mimi mwenyewe. Na mzee Mikami aliiona magazini hii siku ile, wewe ulisema iko mezani."

Seno alikiinua kichupa, akakitazama kile kipande. Kisha akaanza kusema, polepole. Mteja alitaka magazini isiyokwama hata bunduki ikiwa na springi kali, kali kupita inavyoruhusiwa. Hapa dukani hakuweza kufyatua mfululizo kwa sababu ya majirani. Uwanjani bunduki ilishapimwa kasi ya gololi asubuhi na kubandikwa stika, na hakuna anayepimwa mara mbili. Kwa hiyo watu walipokuwa wanakula alikwenda nyuma ya magari, akabadilisha springi, akajaribu.

"Ikasukuma vizuri. Nikafurahi kama mtoto. Kengele ikalia, nikaingia nayo, nikasahau kurudisha springi ya kawaida. Akatokea karibu, nyuma ya kisiki. Kioo kilipasuka kama biskuti."

"Ukabadilisha kioo yeye analia?"

"Nilimbeba kwanza. Nilibadilisha garini, mlangoni mwa hospitali. Vioo vya akiba ninavyo siku zote." Alijifuta uso kwa kiganja. "Bunduki ikipita kiwango, sheria inaihesabu silaha ya kweli. Ningefungwa. Nikasema jicho limeshakwenda, halirudi."

"Na jina lake?"

 Seno akamsihi asimwambie Shunpei.

"Simwambii," Chizuru alisema. "Sikupiga mimi. Hata Onodera amejitaja. Kesho asubuhi wanamfungua bandeji. Nenda ukainue mkono, umwambie mwenyewe kwamba hakuvua miwani. Ukitoka hapo, nenda polisi. Utakwenda?"

Kidole cha Seno kilikuwa juu ya kitufe cha magazini. Mota ililia kidogo, kama nyuki ndani ya kopo, ikanyamaza. Chizuru alibaki amesimama, akimtazama, akisubiri.