Sukuk ya Banda la Nafaka

Kila asubuhi Zuleha alianza kazi kwa kufunua turubai. Aliuza maharage kwenye soko la wazi hapa Tunduma. Aliyanunua kwa wakulima wa Hasamba, na wateja wake wengi walivuka mpaka kutoka Zambia. Kiangazi biashara ilikwenda vizuri. Mvua zikianza, basi tena.

Januari moja maji yalipita chini ya turubai. Zuleha alipofungua gunia alikuta maharage yamechipua. Mteja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyashika, akayarudisha taratibu, akaenda kununua kwingine. Zuleha alilia palepale sokoni, na simlaumu. Magunia manne kuharibika si mchezo.

Mwezi uliofuata halmashauri iliita mkutano. Ilitaka kujenga banda la nafaka lenye sakafu ya zege na paa la bati. Fedha zingepatikana kwa njia ya sukuk, yaani hati za umiliki zinazofuata sharia ya Kiislamu. Mwananchi yeyote angeweza kununua vipande vya umiliki huo, awe Mwislamu au Mkristo. Lakini kiasi kilichotakiwa kisipotimia hadi mwisho wa Machi, kila mtu angerudishiwa fedha zake na banda lisingejengwa.

Zuleha alirudi nyumbani akiwaza mumewe atasemaje. Mumewe, Ramadhan, ana malori mawili. Ni mtu wa swala tano, na habari ya riba hataki hata kuisikia. Wenye malori wenzake humsikiliza sana. Akikubali, wanakubali. Akigoma, wanagoma.

Sasa sikia alichofanya huyu mcha Mungu wetu. Alisema atatoa akiba yao ya Hija anunue vipande, ila kwa sharti moja. Halmashauri imwandikie barua kwamba atapata faida ileile siku zote, banda lipate kodi lisipate, na kwamba mtaji wake utarudi wote hata banda likianguka. Wenzake wakamsifu kwa akili. Wakaketi wote kusubiri barua, na hakuna aliyetoa hata senti.

Wiki mbili zikapita. Zuleha akaona banda lake linapotea hivihivi, akaenda kumwita Shamimu. Huyu ni jirani yao, na anafanya kazi benki, kwenye dirisha la huduma za Kiislamu. Alikuja jioni, akamwamkia Ramadhan, akapewa chai. Hakuwa na haraka.

"Baba," alisema, "ukimkopesha mtu fedha, ukataka arudishe zote na nyongeza juu, hata kama amepata hasara, hiyo tunaiitaje?"

"Riba," akajibu Ramadhan. "Hata mtoto wa madrasa anajua."

"Na hiyo barua unayoitaka inasemaje?"

Ramadhan alikohoa. Akasema kwamba sukuk si mkopo. Shamimu akakubali, lakini akasema barua ile ndiyo ingeigeuza kuwa mkopo. Kisha akaeleza polepole. Wanunuzi wanachanga fedha, fedha zinajenga banda, na banda linakuwa mali yao. Msimamizi analishika kwa niaba yao. Halmashauri inalipanga kutoka kwao, nayo inawapangisha wafanyabiashara. Kodi hiyo ndiyo faida ya wenye vipande, na wanaigawana kila nusu mwaka. Baada ya miaka saba halmashauri italinunua banda kwa bei watakayokubaliana wakati huo. Masheikh wanaokagua mikataba ya namna hii walikuwa wameshaupitia mkataba huu.

"Na banda likiharibika?" Ramadhan akauliza. Hapo ndipo alipokwama.

Shamimu akamkumbusha lori lake la pili. Ramadhan hulikodisha kwa muuza saruji, kwa mwezi. Mwaka uliopita giaboksi ilikufa, lori likalala wiki tatu.

"Wiki zile ulimdai kodi?"

"Ningemdaije? Lori halikufanya kazi."

"Na giaboksi mpya alinunua nani?"

"Mimi. Gari ni langu."

Aliposema hivyo, mwenyewe akaweka kikombe chini. Zuleha aligeukia ukutani asionekane anacheka.

Shamimu hakumficha kitu. Alisema hasara inawezekana, ndiyo maana banda litakatiwa takaful, yaani bima ya kuchangiana. Mtu asitoe fedha za chakula au za ada ya shule. Atoe zile anazoweza kuzingoja miaka saba. Tena asome mkataba kwanza, au asomewe, na alipie benki, si mkononi mwa mtu.

Basi Ramadhan akaamua nusu ya akiba ibaki na nusu inunue vipande. Ijumaa, baada ya swala, aliwakusanya wenye malori. Si mtu anayependa kukosolewa, achilia mbali kujikosoa, lakini alisema.

"Nilikuwa naikimbia riba, kumbe naiita mwenyewe."

Jumatatu walipanga foleni benki. Tukuswiga, muuza mchele jirani yake Zuleha sokoni, alitoka kanisani Jumapili na kesho yake naye alikuwa kwenye foleni hiyo. Kiasi kilitimia siku mbili kabla ya mwisho.

Banda lilikamilika Oktoba. Mvua zilipoanza, Zuleha hakuwa na turubai la kufunua. Mteja wa Nakonde alirudi, akatia mkono guniani, akanunua magunia sita.

Desemba upepo uling'oa mabati ya upande mmoja. Takaful ililipa sehemu ya matengenezo, sehemu nyingine ikakatwa kwenye kodi. Gawio la kwanza lilipotoka Aprili, lilikuwa pungufu. Wenye malori wakamjia Ramadhan wamenuna.

"Mabati ni ya nani?" akawauliza.

Wakatazamana. "Yetu," mmoja akasema. Maneno yakaishia hapo.

Siku hiyohiyo Ramadhan alipita bandani kumwona mkewe. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vyake vilijaa tope.

"Futa miguu, Baba Salum," Zuleha akamwambia. "Sakafu ya watu hii."

"Na mimi ni mmoja wao," akasema Ramadhan. Akarudi mlangoni, akavua viatu kabisa.