Gari la Kiti Kimoja

Ndimu nne tu. Hicho ndicho Vijay alichotumwa, na hicho ndicho alichokisahau juu ya meza ya jikoni kwake Neasden.

Wanaomjua hawatashangaa. Vijay ni mtu aliyewahi kumsahau mkewe, Vasanti, kwenye stesheni ya Bombay, akaondoka na treni huku masanduku yote anayo. Tangu Mapinduzi yamtoe Unguja amekaa Mombasa, akakaa Bombay, akakaa Leicester, na sasa ana gereji yake London. Na kila alipohama aliacha kitu. Mara pasi, mara mwavuli, mara nywele. Kitu kimoja tu hakukiacha popote: adabu za kwao. Hawezi kula mtu akapita asimwambie "karibu". Aliwahi kumkaribisha chapati askari wa trafiki aliyekuwa anamwandikia faini.

Jioni hiyo ya Disemba alikuwa anatembea haraka kando ya ukuta wa uwanja wa mbio za mbwa, upande wa mashariki ya mji, anatafuta duka la matunda. Jumamosi pale mbwa hupumzishwa, yakaingizwa magari makuukuu yakazunguka na kugongana mpaka yabaki machache yanayotembea. Njia yenyewe ni fupi, umbo la yai, imezungushiwa nguzo za chuma. Kona ya mwisho imebana kama kiatu cha mtu mwingine. Mwezi uliopita ilimtoa dereva mmoja kwa machela.

Na aliyekuwa anaingia humo jioni hii alikuwa Mselem.

Mselem na Vijay walicheza gololi pamoja uchochoroni Unguja mjini, mmoja mtoto wa Malindi, mmoja wa Kiponda. Mkewe Mselem, Ann, Muingereza aliyejifunza Kiswahili kwa kugombana na mumewe, alikuwa na mimba kubwa. Mchana alimshika Vijay mkono.

"Mrudishe mzima," alimwambia. "Nakudai wewe, si yeye."

Ndiyo maana ndimu zilimkera roho. Vasanti alikuwa na sharti: gari lolote likitoka gereji mara ya kwanza, lazima likanyage ndimu, moja kila tairi, lisage husuda, lisimsage mtu. Na Zefa ile, gari kuukuu la Mselem, ilikuwa ndiyo kwanza inatoka. Vijay ameitengeneza kwa mikono yake. Vioo kang'oa. Milango kaichomelea. Viti vyote katoa, kabakiza kimoja, cha dereva.

Mwenye duka alikuwa na kabichi, viazi, na uso wa kufunga mapema.

Vijay akatoka. Mvua iliyonyesha kutwa ilikuwa imekata, lami inang'aa. Akafika njia panda, nyuma ya uwanja. Taa moja. Hakuna mtu.

Kisha akanusa asumini.

Asumini... London... Disemba.

"Unatafuta ndimu, mwanangu?"

Alisimama chini ya taa, bibi mfupi, buibui la kamba kama walivyovaa mabibi zamani, kikapu cha ukili mkononi. Na Kiswahili kile! Cha Unguja, cha ndani ndani, kile ambacho Vijay hakukisikia tangu mama jirani yake wa Kiponda afariki.

"Masalkheri, mama," alisema. "Umejuaje?"

"Akheri. Mtafuta ndimu namjua kwa mwendo."

Alifunua kikapu. Ndimu mbichi, majani bado zinayo, zina umande. Vijay alitaka kufurahi, lakini furaha ilimkwama mahali. Katika nchi hii ndimu alizoea kuziona zimenyauka kama yeye. Akafanya anachokifanya kila mtoto wa Unguja akikutana na mtu asiyemjua gizani: akatazama miguu.

Hapakuwa na kwato. Viatu tu, vyeusi, vya heshima.

Vikavu.

Mvua imenyesha kutwa, maji yamejaa njia nzima, na viatu vya bibi vikavu kama vimetoka sandukuni.

"Nikupe kiasi gani, mama?"

"Sitaki kitu. Mnakwenda wapi na gari?"

"Mahali hatwendi. Tunazunguka tu, tunarudi pale pale. Kazi ya watu wasio na akili."

"Nafasi ipo?"

Vijay akacheka. Akikuta woga, dawa yake ni mzaha. Hiyo ndiyo dawa pekee anayoijua. "Kiti kimoja tu, mama. Lakini karibu. Karibu sana!"

Sasa, karibu hii kila Mzanzibari anaijua. Ni kama kupiga chafya. Unamwambia mpita njia, naye anakujibu "ahsante, starehe", kila mtu anashika njia yake na wali wako unabaki mzima. Hajatokea mtu akaingia kweli.

Bibi hakusema ahsante. Hakusema starehe.

"Nishakaribia," alisema.

Vijay alichukua ndimu, akaondoka. Alipogeuka, taa ilikuwa inamulika maji matupu.

Mselem alikuwa keshaingia garini kwa dirishani, helmeti kichwani, anafunga mikanda.

"Banyani weye! Umezifuata ndimu Makunduchi?"

"Nimepewa na bibi mmoja. Wa kwetu."

"Wa kwetu? Hapa?" Mselem alimkazia macho. "Wa nani?"

Vijay aliziangalia ndimu. Hakuwa amemuuliza. Na Mzanzibari gani hukutana na Mzanzibari ugenini asimuulize wa nani? Jambo hilo lilimchoma kuliko vile viatu.

Alitaka kuzitupa ndimu. Lakini magari yalikuwa yameshaanza kuitwa, na sauti ya Vasanti ilikuwa inamzomea masikioni. Akaziweka mbele ya matairi. Mselem akasogea mbele taratibu.

Pwaa... pwaa...

Halafu gari likashuka.

Si mbele, si nyuma. Ubavu wa kushoto, kule ambako hapana kiti. Springi ziliguna na bodi likainama, kama linavyoinama mtu akiingia na kukaa. Vijay alizifunga springi zile mwenyewe. Akainama kuzitazama, akazipapasa. Nzima.

"Mselem," alinong'ona dirishani. "Hunusi kitu?"

"Petroli." Mselem akavuta pumzi, akatabasamu. "Na asumini. Umetia marashi gari? Umefanya vyema."

"Shuka."

"Niache, Vijay."

"Shuka, nakwambia! Springi..."

Bendera ikapepea. Zefa ikaondoka, imeinama kushoto.

Magari yalizunguka, kishindo kikapanda mpaka mabati ya jukwaa yakalia. Gari moja lilimkabili Mselem ubavuni, kushoto. Kabla halijamgusa likazunguka lenyewe kama pia, likajibamiza kwenye nguzo. La pili likamjia upande ule ule. Likazunguka. Mtangazaji alikuwa anapiga makelele ya furaha: hawezekani mtu huyu, haguswi!

Vijay hakupiga makelele. Alikuwa ameshika waya wa uzio, anahesabu vichwa ndani ya Zefa.

Ann alishuka jukwaani, akaja akasimama pembeni yake, mkono juu ya tumbo.

"Vijay," alisema polepole. "Yule mama aliyekaa na Mselem ni nani?"

Vijay akaanza kuhesabu upya.

Bendera ya mirabaraba ikashuka. Mselem kashinda. Magari mengine yakapunguza mwendo, yakatoka moja moja.

Mselem hakutoka.

Alizunguka. Akazunguka tena. Waamuzi walipunga bendera nyekundu, wakaruka pembeni. Mtangazaji alifanya mzaha, akafanya wa pili... kisha akanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza. Ikabaki sauti ya Zefa peke yake, na kila ikifika kona ya mwisho mkia wake ulitambaa kuzielekea nguzo. Karibu zaidi. Karibu zaidi.

Alipopita chini ya taa Vijay alimwona uso. Mselem hakuwa anapiga kelele. Midomo ilikuwa inakwenda taratibu, kichwa kimeinama kidogo kushoto.

Alikuwa anazungumza. Anamtumbuiza mgeni.

Hapo ndipo Vijay alipofahamu, na akaona baridi mpaka kwenye meno. Mtoto wa Malindi hamwambii mtu mzima ateremke. Atamzungusha mpaka petroli iishe, au mpaka nguzo impokee. Na bibi naye hawezi kuinuka, kwa sababu mwenyeji hajatoa ishara. Na mwenyeji si Mselem.

Mwenyeji ni aliyesema karibu.

Kwao mgeni haambiwi aende. Hata siku moja. Mazungumzo yakitosha, mwenye nyumba huleta udi. Moshi ukipita, kila mtu anajua, anaaga mwenyewe kwa heshima yake. Vijay alitia mkono kwenye mfuko wa koti. Vasanti alikuwa amempa vijiti vya udi viende pamoja na ndimu. Hivyo, kwa bahati, alisahau kuvisahau.

Kiberiti kilikuwa na unyevu. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikafifia. "Mungu wangu," alisema Vijay, "na Mungu wa Mselem pia." Ya tatu ikashika.

Alipanda uzio, yeye na tumbo lake lote. Akaenda akasimama katikati ya njia, kwenye ile kona, ameinua vijiti kichwani. Nyuma yake Ann alipiga ukelele.

Taa za Zefa zikamjia.

"Mama," alinong'ona. Maneno aliyaweka sawa, moja moja, kama sahani za wageni. "Ahsante kwa kuja. Umetuheshimu sana."

Zefa ilipiga breki. Ikateleza, ikaserereka, mpira ukaungua... ikasimama bampa ikimgusa magoti.

Kimya.

Kisha, kidogo kidogo, ubavu wa kushoto ukainuka. Springi zikapumua. Asumini ikampita Vijay begani, na sauti ikamsemea sikioni, laini, ya mtu aliyetosheka:

"Ahsanteni, wanangu. Na nyinyi karibuni kwangu."

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Miaka arobaini ya adabu ililisukuma. Vijay aliuma ulimi mpaka akaonja damu.

Na mle garini, Mselem, macho kayafumba, mikono bado kwenye usukani, akajibu kama alivyolelewa:

"Inshallah, mama. Nitakuja."

Zefa waliipeleka ikapondwe chuma chakavu. Mselem hakukumbuka kitu, ila kwamba aliulizwa habari za kwao, nyumba kwa nyumba, na yeye akajibu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, ana sauti ya mtangazaji. Mama yake Ann, mzaliwa wa mitaa ile, alisema aliwahi kusikia utotoni kwamba kabla ya uwanja palikuwa na jumba la watu waliorudi kutoka visiwa vya mbali, na yaya wao. Walipohama walimwambia yaya asubiri njia panda, gari litakuja kumchukua. Labda ni kweli. Labda alitaka tu kuchangamsha chai. Vijay hakuuliza zaidi.

Lakini siku hizi anakula kama mwizi, mgongo kauelekeza ukutani. Mtu akipita, anaangalia sahani. Watu wa Neasden wanasema yule Banyani kaingia ubahili.

Disemba ikarudi. Jioni moja, mvua ikinyesha na giza limeshuka watu bado wanakunywa chai ya alasiri, simu ikalia. Alikuwa Ann, anajaribu kucheka.

"Vijay, Mselem amekuja huko? Ametoka sasa hivi na kanzu. Kanzu na koti, mvua hii! Amenunua halua, anasema hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu."

Vijay alishika simu kwa mikono miwili.

"Kaenda kwa nani?"

"Anasema alimuahidi mama mmoja kwamba atakwenda. Nimetazama dirishani, viatu vyake..." Kicheko kilikuwa kimeisha. "Vijay, anatembea katikati ya maji na viatu vyake havilowi."

"Nani huyo?" aliuliza Vasanti kutoka jikoni.

Simu ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, na Vijay alikuwa anafungua droo hii na hii, anamwaga vijiko sakafuni, anatafuta udi na kiberiti.