Waya Chini ya Kochi

Asubuhi hiyo Mapenzi aliamka mapema, kama ilivyo desturi ya wanawake wengi wa mtaa wa Junda. Aliteka maji, akachemsha chai, akapasha moto mbaazi za jana. Mume wake, Masha, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini Changamwe. Mama mkwe wake, Mama Masha, aliketi barazani akichambua mchicha na kuwatupia kuku mabua.

Nyumba ilikuwa safi kupita kawaida. Jioni iliyotangulia, jumuiya ya kanisa ilikuwa imekuja kusali hapo, na Mama Masha hakuwa mtu wa kupokea wageni katika nyumba yenye vumbi. Alikuwa amefagia, amepiga deki, na kutandika vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu chenye mgongo.

Mapenzi alikuwa mkalimani wa viziwi. Kazi yake aliifanya sebuleni, mbele ya kompyuta ya kupakata iliyokuwa juu ya meza ndogo pembeni. Daktari akipata mgonjwa kiziwi, alimpigia Mapenzi simu ya video. Daktari alisema kwa mdomo, na Mapenzi akamweleza mgonjwa kwa mikono. Mgonjwa alijibu kwa mikono, na Mapenzi akamweleza daktari kwa mdomo.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa Rosalia. Alikuwa mja mzito, amelazwa katika hospitali ya mbali. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na saa nane mchana daktari angemweleza habari ya upasuaji. Juzi yake Rosalia alikuwa amemwambia Mapenzi kwa mikono:

"Dada, wasinilaze usingizi kabla sijaelewa. Kwa mtoto wa kwanza niliamka nikakuta kovu, na hakuna aliyekuwa ameniambia kitu."

"Nitakuwapo," Mapenzi alimjibu.

Baada ya kuosha vyombo, Mapenzi aliifungua kompyuta ili aijaribu mapema. Ukurasa haukufunguka. Alijaribu tena. Maandishi yalitokea yakisema kwamba hakuna intaneti. Aliizima kompyuta, akaiwasha. Hali ikawa ile ile.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, na uwezo wake wa kupokea intaneti bila waya ulikuwa umekufa zamani. Ilitegemea waya mmoja tu. Waya huo ulitoka katika kisanduku cha intaneti karibu na mlango, ukapita nyuma ya kochi, ukafika mezani. Simu yake ya mkononi haikufaa. Mtandao wa simu ndani ya nyumba ile ulikuwa dhaifu, na picha iliganda kila mara. Mtu anayesikia huvumilia picha iliyoganda, kwa kuwa sauti humfikia. Kiziwi hana sauti ya kumfikia. Vidole vikiganda, neno limekatika.

Mapenzi alimpigia simu shemeji yake, Chrispine, mdogo wa Masha. Chrispine alipenda sana vyombo vya umeme, na alipenda zaidi kuulizwa habari zake.

"Shemeji, hiyo ni kazi ndogo," Chrispine alisema. "Fungua mipangilio. Unaona mahali pa kuandika nambari? Andika hizi nitakazokutajia. Mimi huziandika kwangu, na intaneti inakwenda kama maji."

"Kwako na kwangu ni sawa?"

"Intaneti ni intaneti, shemeji."

Mapenzi aliandika. Hapakutokea kitu.

"Basi tazama nyuma ya kisanduku," Chrispine alisema. "Kuna kitundu kidogo sana. Chukua sindano, kibonyeze hadi taa zote zizimike. Hiyo ndiyo dawa ya mwisho."

Mapenzi alitoa sindano katika mkebe wa nyuzi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku wakati hodi ilipopigwa.

"Karibu, Bi Mwanasaumu," Mama Masha alisema barazani. "Ingia umwone huyu. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani."

Bi Mwanasaumu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Alifundisha wanawake kompyuta katika ukumbi mmoja kule Kongowea, na sasa alikuwa akirudi kutoka darasani, mkoba begani.

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu," Mapenzi alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sindano unamshona nani?"

Mapenzi alimweleza. Bi Mwanasaumu aliunyoosha mkono, akaichukua sindano taratibu.

"Kitundu hicho hufuta kila kitu ambacho fundi alikipanga siku ya kukufungia intaneti," alisema. "Kisanduku hubaki kama kilivyotoka dukani, hakijui jina lako wala mlango wako. Utamngoja fundi wa kampuni, naye huja siku aipendayo. Usikiguse mpaka kampuni yenyewe ikuambie." Aliivua baibui yake, akaitundika mlangoni. "Una muda gani?"

"Saa nane daktari ataniita."

"Basi muda upo. Niambie, umegusa nini tangu intaneti ikatike?"

Mapenzi aliona haya. Yeye mtu wa kazi, mtu wa cheti, angesemaje kwamba alikuwa ameandika nambari asizozijua kwa kuambiwa na Chrispine?

"Nimezima na kuwasha tu," alisema.

"Jana ilikuwa inafanya kazi?"

"Hadi alasiri, ndiyo."

"Baada ya alasiri, humu ndani kulitokea nini?"

Mapenzi aliinamisha macho. Tangu asubuhi alikuwa ameona kwamba kochi kubwa halikuwa mahali pake. Lilikuwa limesukumwa nyuma, likagusa ukuta. Aliyelisukuma alijulikana. Lakini Mapenzi alikuwa ameolewa katika nyumba ile, na mke wa mtu hamnyooshei kidole mama mkwe wake mbele ya jirani. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kwao, na hivyo ndivyo alivyoishi.

"Hapakutokea kitu," alisema.

Barazani, Mama Masha aliacha kuchambua mchicha.

"Haya," Bi Mwanasaumu alisema. "Tuanze na tunachokiona kwa macho. Tutabadilisha jambo moja, kisha tutatazama. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi limeponya na lipi limeharibu."

Alimwonyesha Mapenzi taa za kisanduku. Taa ya waya unaoingia kutoka nje ilikuwa ya kijani, imetulia.

"Hii inasema kwamba intaneti imefika nyumbani kwenu. Kampuni haina kosa. Sasa nenda kwenye kompyuta. Tazama ubavuni, pale waya unapoingia. Kuna taa?"

Mapenzi aliinama. Siku zote alikuwa akichomeka waya pale, wala hakuwahi kujua kwamba tundu lile lilikuwa na taa.

"Hakuna."

"Taa hiyo ikizimika, kompyuta na kisanduku havijaonana. Usihangaike na mambo mengine. Shughulikia waya. Chomoa kichwa cha waya, ukirudishe hadi kilimi chake kilie tak."

Mapenzi alikichomoa, akakirudisha. Kililia tak. Taa haikuwaka. Alifanya vivyo hivyo upande wa kisanduku. Taa haikuwaka. Bi Mwanasaumu aliuhamisha waya kwenye tundu jingine la kisanduku, kwa kuwa huenda tundu moja likafa na mengine yakawa hai. Wakasubiri. Giza lile lile.

Nje muadhini aliadhini adhuhuri. Mapenzi aliwazia kitanda cha hospitali, na watu wakizungumza juu ya kichwa cha Rosalia, midomo ikifunguka na kufungika.

"Pumua, mwanangu," Bi Mwanasaumu alisema. "Matundu tumeyajaribu. Sasa tuujaribu waya wenyewe. Nina mwingine mkobani, ni mfupi, wa darasani. Ilete kompyuta huku mlangoni."

Waliiweka kompyuta juu ya kigoda, karibu na kisanduku. Bi Mwanasaumu alichomeka waya wake mfupi. Ubavuni mwa kompyuta, taa ndogo ya kijani iliwaka.

Mapenzi alitaka kucheka. Aliufungua ukurasa wa kazi. Haukufunguka. Maandishi yale yale yalirudi: hakuna intaneti.

Bi Mwanasaumu alikunja uso. Aliitazama taa, akautazama ukurasa, akaitazama taa tena.

"Hili silielewi," alisema polepole. "Vyombo vimeonana, lakini havizungumzi. Kama hakuna aliyegusa mipangilio, basi sijui. Tumpigie fundi, angalau aje kesho."

Kesho. Kesho Rosalia angekuwa ameshapasuliwa. Mapenzi aliona kwamba haya yake ilikuwa kitu kidogo sana mbele ya kovu la Rosalia.

"Bi Mwanasaumu, nilikuficha," alisema. "Niliandika nambari katika mipangilio. Chrispine alinitajia za kwake."

Bi Mwanasaumu hakukemea. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema, akivuta kigoda karibu. "Laiti ungeniambia tangu mwanzo. Sikiliza. Kila kompyuta hupewa nambari na kisanduku chake, kama msimamizi wa kikao anavyowaonyesha wageni viti. Ukijichagulia kiti cha nyumba nyingine, hapa hakuna atakayejua ulipokaa. Nambari za Chrispine ni za nyumba ya Chrispine."

"Nifanye nini?"

"Fungua pale pale ulipoandika. Chagua kompyuta ijipatie nambari yenyewe. Hifadhi."

Mapenzi alichagua. Alihifadhi. Ukurasa wa kazi ulifunguka, ukajaa.

"Kwa hiyo nambari ndizo zilizokata intaneti?" aliuliza.

"La. Intaneti ilikatika kabla hujaandika. Zilikuwa hitilafu mbili. Ya pili umeizaa wewe kwa kuitibu ya kwanza. Ya kwanza ni waya wako mrefu, nami bado sijui umepatwa na nini."

"Mimi najua."

Mama Masha alikuwa amesimama mlangoni, mchicha mkononi.

"Kochi nililisogeza mimi, wageni wapate nafasi," alisema. "Niliuona waya. Nikausukuma chini kwa mguu, watu wasijikwae, tena usiwakodolee macho watu wakisali."

Wanawake wawili walilinyanyua kochi, wa tatu akauvuta waya. Mguu wa kochi ulikuwa umeukalia usiku kucha. Mahali hapo waya ulikuwa bapa kama ukucha, ngozi yake imepasuka.

Mama Masha alimgeukia mkwewe. "Ulijua?"

"Niliona kochi limehama, mama."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesemaje, mama?"

"Ungesema: mama, kochi limeukalia waya. Nani amekuambia maneno hayo yana matusi?" Mama Masha aliuweka mchicha chini. "Nami nimekaa pale nje nikiyasikia yote, nikinyamaza kama wewe. Tumefanana. Masha atatucheka."

Hapakuwa na wakati wa kununua waya mwingine. Mapenzi angefanya kazi pale pale mlangoni, kwa waya wa kuazima. Lakini nyuma yake palining'inia leso iliyokuwa pazia la mlango, yenye maua mekundu na manjano, na juu ya maua hayo mikono yake isingeonekana vizuri.

Mama Masha aliingia chumbani, akatoka na shuka ya buluu isiyo na ua. Alisimama nyuma ya Mapenzi, akaishika shuka kwa mikono miwili.

"Mama, utachoka."

"Fanya kazi yako."

Saa nane simu iliita. Rosalia alitokea, amekaa kitandani, macho yakitafuta. Alipomwona Mapenzi, mabega yake yalishuka. Muuguzi mmoja, Janice, aliisogeza kamera ili mikono ya mgonjwa ionekane. Daktari alieleza, na Mapenzi alieleza. Mtoto amekaa vipi. Dawa ya usingizi itachomwa wapi. Rosalia ataona nini akiamka. Picha haikuganda hata mara moja.

Rosalia aliuliza: "Kovu litakuwa la pili, au watapita pale pale?"

"Tutapita pale pale," daktari alijibu, na Mapenzi akamwambia.

Rosalia aliuliza swali jingine, na jingine. 

"Sasa nimeelewa," alisema kwa mikono, na Mapenzi akamtamkia daktari. Rosalia akachukua kalamu, akaitia saini mwenyewe karatasi ya upasuaji.

Nyuma ya Mapenzi shuka ilikuwa ikitetemeka, lakini haikushuka.

Wiki ile Masha alinunua waya mpya. Uliopondwa hawakuufunga utepe. Waliutupa, maana Bi Mwanasaumu alisema kwamba waya wa namna hiyo hufanya kazi leo na kukuaibisha kesho. Waya mpya waliupitisha juu ukutani, wakaushikiza kwa misumari midogo, mbali na kochi. Mapenzi naye alipata desturi mpya. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliinama ubavuni mwa kompyuta kuitazama taa. Chrispine alipopiga simu kuuliza kama sindano ilisaidia, Mapenzi alimweleza kwa adabu, tena kwa urefu, kwa nini asimtajie mtu yeyote nambari zake.

Jumuiya ilipokuja tena, Mama Masha aliwakaribisha wote, akawaonyesha viti.

"Kaeni popote," aliwaambia kabla ya sala. "Lakini katika nyumba hii, mtu akisogeza kitu, husema."

Na siku Rosalia alipopiga simu ya video akiwa amempakata mtoto wake wa kike, Mama Masha alikuja kusimama nyuma ya mkwewe, mikono mitupu safari hii. Rosalia alisimulia jambo refu. Mapenzi alipofungua kinywa kumtafsiria, bibi huyo alimgusa bega ili anyamaze. Aliinua mikono yake, akafanya ishara moja tu aliyojifunza siku ile ya shuka:

"Nimeelewa."